Kabla Hujanunua Prosesa, Iulize Mashine Yako

Kwa miezi mitatu niliamini kwamba kadi yangu ya grafiki imechoka. Kila mchezo ulipopamba moto, wachezaji kumi wamekutana kwenye kona moja, moshi umetanda na mabomu yanalia, picha iliganda. Ulikuwa mkwamo wa kufumba na kufumbua tu, lakini kwenye Counter-Strike 2, mchezo wa kupigana risasi mtandaoni, kufumba na kufumbua kunatosha adui akuone kabla hujamwona. Mdogo wangu, ambaye tunapokezana kiti jioni, alishazoea kusema "imeganda tena, kaka" hata kabla sijainua mkono kwenye mausi.

Mashine yenyewe nimeijenga kwa jasho, kipande kimoja kimoja kila mshahara uliporuhusu, kuanzia 2019: mazabodi (ubao mkuu wa mashine) ya A320, ambayo ilikuwa ya bei ya chini kabisa dukani, prosesa ya Ryzen 3 1200, kijiti kimoja cha RAM cha GB 8, na baadaye kadi ya GTX 1650 ya GB 4. Hakuna hapo cha kumtambia mtu. Ila Counter-Strike ya zamani ilikimbia humo vizuri kwa miaka, mpaka Septemba 2023 ilipopisha hii mpya. Meza ile ile, mashine ile ile, na ghafla ikawa kama imezeeka usiku mmoja.

Nilipofikisha laki nne nikaenda Kariakoo. Muuzaji wa kwanza alinisikiliza nusu, akapanda ngazi, akashusha boksi la kadi ya grafiki, akalipangusa vumbi na kuliweka mbele yangu. Nilikuwa tayari nimetoa simu nilipe. Pembeni alikuwa ameketi fundi mtu mzima, anasafisha feni ya laptopu kwa brashi ya rangi. Akauliza bila kuinua kichwa: "Hiyo kadi uliyo nayo nyumbani, mchezo ukikwama inafanya kazi asilimia ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nikarudisha simu mfukoni, nikaaga, nikapanda daladala nikiwa na laki nne zangu zote.

Jioni ile nilisakinisha MSI Afterburner, programu ya bure inayokuandikia namba kwenye kona ya kioo wakati unacheza. Nikachukua daftari la shule, nikachora safu, tukaanza. Mdogo wangu anacheza, mimi naandika. Kila picha ilipoganda, kadi ya grafiki ilikuwa kati ya asilimia 50 na 60. Prosesa, viini vyake vyote vinne vinavyopiga hesabu, ilikuwa 98, 99, 100. Tukarudia mara tano, namba zikabaki pale pale.

Kuna kipimo kingine cha dakika mbili ambacho nakiamini kuliko vyote. Ingia kwenye mipangilio ya mchezo, shusha resolusheni, yaani idadi ya nukta zinazounda picha, kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, kisha cheza sehemu ile ile. Ukishusha resolusheni umeipunguzia kadi mzigo wa kuchora. Prosesa hujaipunguzia chochote. Fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, zikipanda sana, kadi ndiyo ilikuwa inalemewa. Zikibaki zilivyokuwa, kadi haina kosa. Zangu hazikupanda hata tatu.

Fikiria wanaopika chapati wawili, mmoja anasukuma na mwingine anakaanga. Prosesa ndiye anayesukuma: kila fremu lazima kwanza ihesabiwe nani yuko wapi, risasi imepita wapi, sauti ya nyayo itokee upande gani, ndipo kadi ipewe amri ya kuchora. Kadi ndiyo kikaango. Nyumbani kwangu kikaango kilikuwa kimepata moto na kinasubiri unga, nami nilitaka kwenda kununua kikaango kikubwa zaidi kwa laki nne.

Kwenye daftari nilikuwa na safu mbili, na ya pili ndiyo iliyonifungua macho. Ya kwanza ni wastani wa fremu kwa sekunde: 78. Ukimwambia mtu unapata 78 atakwambia huna shida. Ya pili ni ile asilimia moja ya fremu zilizochelewa kuliko zote, na hapo nilikuwa na 31. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu inakaa kama milisekunde 17. Ukishuka hadi 31, fremu moja inakaa zaidi ya milisekunde 32, na jicho linaona. Kwa hiyo mtu akikutajia wastani peke yake anapokusifia prosesa, muulize na safu ya pili.

Tuliangalia pia mtandao, kwa sababu watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Seva za Valve, wenye mchezo huu, zilizo karibu nasi ziko Johannesburg, na intaneti ikiyumba mhusika wako anarudishwa nyuma, risasi zinapita hewani bila kumdhuru mtu, lakini picha yenyewe inaendelea kutiririka. Prosesa ikishindwa, picha ndiyo inayosimama. Nilicheza na maroboti bila kuhitaji seva ya mtu na mkwamo ukawa ule ule. Intaneti nikaiondolea lawama.

Kabla ya kuigusa prosesa kulikuwa na dhambi nyingine ya kuifuta, na ninaisema kwa mkazo kwa sababu nimeikuta kwenye mashine za karibu marafiki zangu wote: kijiti kimoja cha RAM. Mazabodi hizi zina njia mbili za kusafirisha data kati ya RAM na prosesa. Ukiweka kijiti kimoja unatumia njia moja, nyingine inalala. Ryzen inaumia zaidi kwa hili, kwa kuwa kasi ya mawasiliano ya ndani ya prosesa yenyewe inafuata kasi ya RAM. Na nilipoingia kwenye BIOS, programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha mashine, nikakuta kijiti changu kinakwenda 2133, kwa sababu sikuwahi kuwasha XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM ikimbie kasi yake kamili, tangu siku ya kwanza. Miaka yote ile! Nilipata kijiti cha pili kilichotumika, kasi ile ile, kwa elfu arobaini. Wastani ukapanda hadi 86, safu ya pili ikafika 39. Mdogo wangu akasema "afadhali". Na kweli ilikuwa afadhali tu. Viini vinne vya prosesa vilikuwa bado vinahema kwenye 100.

Sasa ndipo swali la prosesa likawa halali.

Nilijifunza haraka kwamba swali la "prosesa gani nzuri" halina maana mpaka useme mazabodi gani. Yangu ina soketi (mahali prosesa inapokaa) ya AM4, na hapo nilikuwa na bahati kubwa kuliko nilivyojua. Ryzen za kwanza zilitoka 2017 kwa soketi hii, na soketi haikubadilishwa kwa vizazi vilivyofuata mpaka familia ya 5000 iliyoanza kutoka mwishoni mwa 2020. Kwa muda mrefu mazabodi za mfululizo wa 300, kama A320 yangu, ziliachwa nje ya familia hiyo ya mwisho. Mwaka 2022 AMD, watengenezaji wa Ryzen, ikaruhusu, na watengenezaji wa mazabodi wakaanza kutoa BIOS zake. Nilifungua ukurasa wa mtengenezaji, nikatafuta jina kamili la mazabodi yangu pamoja na namba ya toleo iliyochapwa kwenye ubao wenyewe, nikashuka kwenye orodha ya prosesa zinazokubalika. Ryzen 5 5600 ilikuwamo, na mbele yake toleo la BIOS linalohitajika. Nililiandika kwenye daftari na kulizungushia duara.

Orodha yangu ilikuwa hivi kichwani. Ryzen 5 2600 na 3600 za mitumba zilikuwa rahisi, viini sita na nyuzi kumi na mbili (nyuzi ni kazi ambazo viini vinazishika kwa wakati mmoja), na ukilinganisha na viini vyangu vinne visivyo na nyuzi za ziada, hata hizo ni neema. Ryzen 5 5500 mpya. Ryzen 5 5600 mpya. Na juu kabisa 5700X3D ya Januari 2024, viini vinane na kashe, kumbukumbu ya ndani ya prosesa yenyewe, ya MB 96, bei karibu maradufu ya 5600.

Kashe ndiyo iliyoamua. Kwa anayepika, kashe ni kile kilichopo jikoni, na RAM ni kwa Mangi pale kona. Kitunguu kikiwa jikoni unanyoosha mkono. Kikiwa kwa Mangi unavaa ndala, unatoka, unapanga foleni, unarudi. Umbali si mkubwa, lakini ukienda mara elfu kwa siku chakula hakiivi. Michezo inachukua vitu vidogovidogo bila mpangilio, kwa hiyo jiko lenye nafasi kubwa linaisaidia kuliko inavyosaidiwa na gigahazi za kuandikwa kwenye boksi. Ryzen 3 1200 yangu ina MB 8. Ryzen 5 5500, ingawa jina lake linafanana na la ndugu yake, ina MB 16. Ryzen 5 5600 ina MB 32, na viini vyote sita vinaifikia yote. Ryzen 5 3600 nayo ina 32 kwenye karatasi, ila imekatwa vipande viwili vya 16, kila viini vitatu na chao. Kiini kikihitaji kilicho upande wa pili kinazunguka. Hili halisemwi dukani, na ndiyo sababu sikuichukua 3600 ya mtumba japo ilikuwa na bei tamu.

Na 5700X3D? Niliitamani, nakiri. Lakini mazabodi yangu ya A320 haina hata bamba la kupozea sehemu inayoigawia prosesa umeme, na prosesa ile imeandikiwa wati 105. Ryzen 3 1200 ni wati 65, na 5600 ni wati 65 vilevile, kwa hiyo pawasaplai yangu na mpangilio wangu wa feni vingeweza kubaki vilivyo. Kisha kuna kadi. GTX 1650 haiwezi kuzila fremu zote ambazo 5700X3D ingeisukumia. Chapati mia zimesukumwa, kikaango kimoja kidogo.

Watu wawili waliniambia niachane na AM4 nihamie Intel Core i3-12100F, viini vinne na nyuzi nane, prosesa nzuri sana kwa bei yake. Sibishi. Kwa anayeanza bila kitu ningeiweka mezani. Ila kwangu ingedai mazabodi mpya, na bei ya mazabodi juu ya prosesa ingekula laki nne na kudai nyongeza. AM5, soketi iliyoifuata AM4, ndiyo usiseme, maana huko hata RAM inabidi iwe ya aina mpya, DDR5.

Nina neno pia kwa wenye zile Dell OptiPlex 7010 za mtumba, kwa sababu ni nyingi na nimeulizwa mara nyingi. Ndani yake mara nyingi kuna i5-3470, viini vinne na nyuzi nne. Dari yake ni i7-3770, viini vinne na nyuzi nane, na tofauti utaiona kwenye safu ya pili ya daftari. Nunua kama imeshuka bei kabisa. Usiuze kitu cha maana ili uinunue, kwani kizazi kile chote cha tatu cha Intel hakina maagizo ya AVX2, amri za hesabu za haraka, yaliyokuja na kizazi cha nne mwaka 2013, na ipo michezo ya sasa inayokataa kabisa kufunguka bila AVX2. Hapo hata nyuzi nane hazikusaidii. Na kama mashine yako haina kadi ya grafiki na huna mpango wa kununua karibuni, ukiwa AM4 nenda kwenye 5600G, yenye grafiki ndani yake. 5600 ya kawaida bila kadi itakupa kioo cheusi.

Jambo la mwisho lililonisukuma halihusu mchezo. Windows 10 ilifikia mwisho wa matengenezo Oktoba 14, 2025, na Ryzen za kizazi cha kwanza hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Za 5000 zimo. Mdogo wangu anasomea kwenye mashine hii hii.

Mjomba anakaa Dubai, na anapokuja likizo huleta mizigo ya ukoo mzima. Nilimpigia simu, shikamoo za kutosha, habari za kazi, ndipo nikamtajia. "Prosesa? Kama ile ya simu?" Nikamtumia picha ya boksi. Alikwenda Al Ain Centre kule Bur Dubai, ambako maduka ya kompyuta yamepangana ukuta kwa ukuta, akanipigia video akiwa mbele ya kaunta ili nisome mwenyewe. Boksi la Ryzen lina kidirisha kidogo pembeni kinachoonyesha mgongo wa prosesa. Nilimwomba aisogeze kamera mpaka nikasoma "Ryzen 5 5600" bila herufi nyingine mbele wala nyuma. Ilifika ndani ya soksi, ndani ya kiatu, ndani ya sanduku.

Kazi iliyoniogopesha ilikuwa BIOS. Inasasishwa kabla hujatoa prosesa ya zamani, maana ukiweka mpya kwanza mazabodi haitaitambua na hutaona kitu kwenye kioo. Na wakati inaandikwa, umeme ukikatika umebaki na ubao mfu. Kwetu umeme haukupi taarifa. Nilikwenda kwa mama mwenye stationery mtaa wa pili, nikaomba UPS yake Jumapili asubuhi wakati amefunga. "Ukiirudisha na kitufe kimoja kikiwa kimekatika nitajua," akasema, lakini akanipa. Kwanza niliijaribu: nikachomeka mashine, nikachomoa waya wa ukutani, nikahesabu. Ilishika dakika kumi na moja kabla sijairudisha. Flashi nimeifomati FAT32, faili ndani, nikaingia BIOS, nikachagua, nikaweka mikono magotini. Mstari ulikwenda kama konokono. Mdogo wangu alizima feni ya chumbani bila kuambiwa, kana kwamba upepo ungeweza kuharibu. Dakika nne na nusu, kisha mashine ikajiwasha upya na toleo jipya likasomeka juu ya kioo. Nikalilinganisha na lile la kwenye daftari. Lilikuwa lenyewe.

Kuitoa prosesa ya AM4 kunahitaji subira. Pini 1331 ziko chini ya prosesa yenyewe, nyembamba kama nywele, na pesti ya kupitishia joto ya miaka mingi imekauka kama gundi kati ya prosesa na bamba la feni. Wengi hulegeza skrubu nne, wakavuta feni juu, na prosesa ikang'oka nayo kutoka kwenye soketi iliyofungwa. Ndivyo pini zinavyopinda. Tulicheza kwanza dakika kumi na tano ili joto lilainishe pesti, nikazima, nikachomoa waya, nikalegeza skrubu kwa mshazari, kisha nikaizungusha feni kushoto na kulia bila kuvuta. Mara ya tatu nikasikia imeachia, sauti kama ya chakula kilichogandia sufuria. Nikainua. Prosesa ilibaki chini. Nikanyanyua wenzo wa soketi ndipo nikaitoa.

Hata hivyo pini mbili za kona zilikuwa zimeinama kidogo, pengine tangu siku niliyoiweka 2019 nikiwa na haraka. Nilichukua penseli ya kubonyeza, nikaitoa risasi yake, nikavisha mdomo mtupu juu ya pini ya kwanza na kuirudisha taratibu mpaka ikasimama sawa na jirani zake. Kisha ya pili. Pumzi nilikuwa nimeishika.

5600 iliingia kwa uzito wake yenyewe, pembetatu ya dhahabu juu ya pembetatu ya soketi, bila kusukumwa. Pesti kidogo katikati, feni mpya ya boksini, skrubu kwa mshazari. Tulipowasha, kioo kilikaa cheusi karibu dakika nzima, kisha maandishi meupe yakauliza kama nataka kufuta fTPM, hifadhi ya funguo za siri, ya prosesa ya zamani, bonyeza Y au N. Mwenye BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, asibonyeze Y kabla hajawa na ufunguo wake wa kurejesha mkononi. Mimi sikuwa na BitLocker. Nikabonyeza Y.

Daftari, ukurasa wa mwisho: wastani 128, safu ya pili 77. Kadi ya grafiki sasa ndiyo iko 97, 98, inafanya kazi yake yote kwa mara ya kwanza tangu niinunue. Kwenye mchezo mwingine mzito wa misitu na milima hakuna kilichobadilika zaidi ya fremu mbili, na hilo nililitegemea. Kule kikaango ndicho kidogo.

Ryzen 3 1200 nimeisafisha kwa spiriti na kuilaza kwenye kitanda cha plastiki ilimokuja 5600, pini zikiwa zimefunikwa. Kesho inapanda basi kwenda Tanga kwa binamu, mwenye mazabodi ya AM4 na prosesa ya A6-9500, viini viwili tu. Ana kadi ya GT 1030, kwa hiyo kioo hakitakuwa cheusi. Nimempigia simu mara mbili leo kumkumbusha acheze kwanza robo saa kabla hajagusa feni, na azungushe, asivute.